Siku Tatu za Kumtafuta Ghaniya

Bi Kaltham binti Sleyum alimsomea dada yake khitma kumi na nne, moja kila mwaka, na dada yake alikuwa hajafa.

Kosa lilikuwa la neno moja. Mwaka 1973, hata miezi sita haijatimia tangu awasili Oman kutoka Pemba, alikwenda Samad Ash Shan kumtafuta Ghaniya, binti wa baba yake, aliyeachwa huko akiwa na miaka mitatu baba alipovuka kwenda Pemba. Alimkuta mzee mmoja wa ukoo amekaa mlangoni kwake anachambua tende. Mzee alimwacha amalize Kiarabu chake chote, ambacho hakikuwa kingi, kisha akamjibu, "Raahat." Kaenda. Bi Kaltham akalia pale pale mlangoni, akarudi kwake Nizwa, akapika, akawaita wanawake wa Kipemba na wa Kiunguja wa mtaa ule, wakasoma. Haikumpitikia hata kidogo kwamba mzee alikuwa akieleza jambo kama lilivyo: Ghaniya kaenda, kaolewa na Bedui, yuko mchangani na mbuzi wake.

Alikuja kuujua ukweli mwaka 1987, kwenye benchi la hospitali, alipokaa karibu na mwanamke wa Mintirib, mji ulio ukingoni mwa mchanga wa Sharqiyah. Wakaulizana nasaba, kama wanavyofanya watu wanaongoja daktari. "Binti Sleyum wa Samad?" yule mwanamke alisema. "Basi wewe ni ndugu yake Ghaniya. Juzi tu nimemwacha anagombana na mkwewe."

Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, na nilimsikia siku ile alivyoingia nyumbani. Hakulia wala hakufurahi. Alikasirika. "Miaka kumi na nne!" alinambia. "Miaka kumi na nne nnamrehemu mtu yu hai!"

Bi Kaltham alikuwa mwanamke wa haraka. Saa tatu asubuhi chungu chake cha mchana kishaiva. Kazi yake ilikuwa kushona kofia, zile za vitobo ambazo moja humaliza mwezi, na alikuwa akisema subira yote aliyopewa na Mungu imeishia humo, haikubaki ya kuwagaia watu. Mumewe alifariki miaka miwili baada ya kufika Oman. Mwanawe, Khelef, alikuja na miaka minane, akasoma hapa, akaajiriwa ofisi ya serikali pale pale Nizwa. Kiarabu cha Khelef kilikuwa cha watu wa Nizwa wenyewe. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani tu, cha "nataka chakula" na "nimechoka", na ngeli zake zilimtia mamake kichefuchefu. "Kitabu yangu," Khelef akisema. "Kitabu changu!" mamake akijibu kutoka jikoni, hata kama ana mgeni.

Ilimchukua Khelef miezi mitano kukubali kumpeleka. Mara kazi, mara gari. Kisha akanunua Landikruza, si mpya lakini ilikuwa na nguvu, na ghafla safari ikawa wazo lake yeye. Aliomba ruhusa ya Jumatano moja ya mwezi wa Januari, aiunganishe na Alhamisi na Ijumaa za mapumziko. Jumamosi asubuhi lazima awe mezani kwake. Akamwita na rafiki yake Marhoun, kijana wa watu wetu tuliotoka Afrika lakini wa bara, mzaliwa wa Tabora, aliyekuwa fundi wa jenereta. Wakanunua hema Maskati. Wakanunua viti vya kukunja. Bi Kaltham akaangalia vitu vinavyoingia ndani akauliza, "Tunakwenda kwa dada yangu au tunahama?"

"Kempingi, mama," Marhoun alisema. "Tutalala njiani, tuone nchi."

"Nchi n'nayo hapa mlangoni. Nnataka kumuona Ghaniya."

Walipatana kutoka baada ya sala ya alfajiri. Jua lilipochomoza Bi Kaltham alikuwa kishavaa, kapu lake liko miguuni: visheti, mkate wa ufuta, doti mbili za kanga na kifuko cha karafuu. Marhoun alifika saa nne na nusu. Alikuwa anatafuta sanduku la barafu la kuazima.

"Shikamoo, mama. Samahani, nimechelewa."

"Marahaba. Hujachelewa, mwanangu. Leo ni leo."

Sanduku la barafu lilikuwa kubwa, na ili liingie ilibidi kitu kitolewe. Wakatoa sepetu.

Barabara ya lami ilikuwa nzuri, na kama wangeenda moja kwa moja wangefika Samad kabla ya adhuhuri kutoka. Lakini walisimama Izki kununua mkaa, wakasimama Sinaw kutazama ngamia, na saa tisa, Samad ikiwa mwendo wa dakika kumi tu mbele, Marhoun akaona wadi upande wa kulia, mkondo wa mawe wenye vidimbwi vya maji vilivyobaki baada ya mvua, na mitende miwili mitatu pembeni.

"Yakhe, Khelef! Hapa ndipo pa kupiga kempu!"

Khelef akakata usukani bila kuuliza. Bi Kaltham, aliyekaa nyuma baina ya hema na mkaa, aliinama mbele. "Samad iko pale. Nnaiona mitende yake."

"Kesho asubuhi, mama. Hii safari si ya haraka."

"Yako si ya haraka. Mimi nna miaka hamsini na nne, na yeye sitini na kitu."

"Kesho, mama. Saa moja tutakuwa pale."

Basi vijana wakaoga kwenye vidimbwi, wakacheka, wakapigana maji kama watoto. Hema lilikataa kusimama. Kila kigingi walichokigonga kwenye yale mawe kilipinda, na mwisho upepo wa jioni ukalibeba hema zima ukaliweka juu ya mtende. Nyama waliyochoma ilikuwa nyeusi nje na mbichi ndani. Bi Kaltham alikula mkate wake wa ufuta. Alikichukua kiti kimoja cha kukunja, akakigeuza kielekee Samad, akawapa mgongo mpaka walipolala, wao chini, yeye garini.

Samad walifika asubuhi ya pili, saa tatu, si saa moja. Yule mzee wa mwaka 1973 alikuwa kishakufa, huyu kweli. Lakini mwenye duka karibu na mfereji alimjua Ghaniya. Alieleza kwamba wakati wa joto Mabedui wake huhamia Mintirib kuvuna tende, na wakati wa baridi kama huu wako ndani ya mchanga, karibu na kisima chao, kwenye miti ya ghaf. "Chukueni mtu Mintirib awapeleke," alisema. "Bila mtu, mtazunguka tu."

Bi Kaltham aliyafahamu maneno hayo bila kufasiriwa. Kwa hivyo walipofika Mintirib, na Khelef akajaza petroli na kugeuza gari kuelekea kwenye matuta ya mchanga, alimshika bega.

"Mtu yuko wapi?"

"Hatuna haja ya mtu. Nna dira. Mwenye duka ameniambia upande gani."

"Amekwambia uchukue mtu."

Khelef akasema kwa sauti ndogo, huku anatazama mbele, "Mama, ofisini wananiita Zinjibari mpaka leo. Nikienda kutafuta Bedui anishike mkono, Jumamosi habari zitakuwa Nizwa. Mzinjibari na Landikruza yake."

Hilo lilimchoma Bi Kaltham, kwa sababu alilijua. Yeye mwenyewe sokoni walikuwa wakimjibu polepole kama wanaosema na kiziwi. Angemhurumia mwanawe siku nyingine yoyote. Lakini ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana, na Ijumaa ndiyo mwisho.

"Basi twende," alisema. "Twende, Mungu atujaalie."

Walikwama mara ya kwanza kabla mji haujapotea machoni. Magurudumu yalizunguka, mchanga ukaruka, gari ikakaa kitako. Wakatafuta sepetu, wakakumbuka. Wakachimba kwa sahani za bati na mikono, wakatandika mkeka wa Bi Kaltham chini ya tairi, mkeka ukatoka upande wa pili vipande viwili. Gari ikatoka.

Mara ya pili ilikuwa kosa la Marhoun. Aliomba kushika usukani kidogo, na alipoona tuta kubwa, jekundu, laini kama limepigwa pasi, hakuweza kujizuia. "Tuijaribu nguvu yake," alisema, akatia gia ya nguvu, akapanda. Walifika nusu. Hapo gari ikaanza kurudi kinyumenyume, ikinguruma, mvuke ukatoka mbele kama birika. Bi Kaltham alisoma alichokijua chote. Walipofika chini walingoja saa nzima injini ipoe, na nusu ya maji ya kunywa wakaitilia.

Ndipo alipoona njia. Alishuka kunyoosha miguu akaona upande wa kushoto alama mpya za matairi zinaingia baina ya matuta mawili, na juu yake mavi ya mbuzi, hayajakauka.

"Khelef, njoo utazame. Watu wamepita hapa."

Khelef alitazama, akatazama dira. "Hiyo inakwenda kaskazini, mama. Sisi tunataka mashariki."

"Sitaki mashariki. Nnataka mbuzi. Kwenye mbuzi kuna watu."

"Mama, tafadhali. Panda."

Alipanda. Aliniambia kwamba hilo ndilo aliloshindwa kujisamehe katika safari nzima: alipanda. Angekaa pale chini mchangani, wangefanya nini? Lakini umri wake wote alikuwa amepanda magari ya watu wengine, akakaa nyuma.

Mara ya tatu ilikuwa jua linaelekea kuzama. Gari ilizama mpaka mlango haufunguki chini. Safari hii hawakuchimba. Wakatoa hema, na vigingi vilivyokataa kuingia kwenye mawe sasa vilikataa kukaa kwenye mchanga. Wakaliacha limelala kama shuka. Barafu ilikuwa imeyeyuka yote, soda zinaelea. Marhoun, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimletea moja.

"Mama, usikasirike. Kesho tutafika tu."

"Kesho tunarudi, Marhoun. Kesho ndiyo siku ya kurudi."

Khelef akaja kukaa karibu naye. Alikuwa na mchanga mpaka kwenye nyusi. "Lakini mama," aliuliza, "kwa nini lazima sana? Humjui. Hajakuona. Mna baba mmoja tu."

Jambo lenyewe Bi Kaltham alikuwa hajamwambia mtu. Baba yake alikufa Wete mwaka 1951, yeye ana miaka kumi na saba. Wiki yake ya mwisho homa ilimpanda kichwani, na kila Kaltham alipomletea uji mzee alimwita Ghaniya. "Mimi Kaltham, baba," alisema siku ya kwanza. Mzee alimtazama sana. "Huyo simjui," akajibu. Ikabidi Kaltham aitike. Wiki nzima akawa Ghaniya, akamnywesha, akamfuta, akamshika mkono mpaka alipokata roho, na tangu siku ile alikuwa na kitu cha kumwambia mwenye jina lake. Kilikuwa kitu cha kumpa, na kilikuwa kitu cha kumlaumu pia, hajui kipi zaidi.

Asubuhi ya Ijumaa ilikuja Toyota ndogo ya wazi, imepakia majani ya mbuzi. Mwanamume wa miaka arubaini hivi, miguu mitupu, aliwazunguka mara moja, akasimama, akashuka. Alitoa salamu, akauliza habari, na habari za nyumbani, na habari za mvua, yote kwa utaratibu, kama vile hakuona gari iliyozama mbele yake. Kisha akaokota kijiti, akachutama kwenye tairi la kwanza akatoa upepo. Akaenda la pili. Alipomaliza, yote manne yamelegea kama makobazi ya zamani, aliingia Landikruza, akaitikisa mbele na nyuma taratibu, akaitoa.

Khelef alisimama kando ameshika sahani yake ya bati.

"Jana tulikusikieni," yule mtu alisema. "Injini inalia tangu adhuhuri mpaka magharibi. Tulidhani mnacheza."

Khelef akamuuliza kama anamjua mwanamke anayeitwa Ghaniya binti Sleyum.

"Mama yangu," alisema. "Yuko nyuma ya tuta hilo, na jengine."

Njia waliyofuata ilikuwa ile ya mavi ya mbuzi. Bi Kaltham aliiona, akaona na Khelef ameiona. Ilikuwa saa nne. Ili watoke mchangani na mwanga lazima waondoke saa tisa. Siku tatu alizoahidiwa zilibaki saa tano.

Kambi ilikuwa vibanda viwili vya makuti ya mtende chini ya miti ya ghaf, zizi la mbuzi, na mapipa ya maji. Mwanamke mrefu, mwembamba, alitoka kibanda kimoja akaja mpaka katikati akasimama. Alikuwa amevaa barakoa, ile ya kitambaa kinachong'aa inayofunika paji na pua, na Bi Kaltham hakuona kitu ila macho. Mwenye Toyota akamwambia maneno mawili matatu. Macho hayakubadilika.

Walisalimiana kwa kushikana mikono. Wakakaa kwenye busati. Ikaja kahawa, zikaja tende, yakaja maziwa ya ngamia. Ghaniya alisema jambo, kwa Kiarabu cha mchangani ambacho Bi Kaltham hakukishika hata neno moja katika matatu.

"Amesemaje?"

"Anasema karibu," Khelef alijibu.

"Mwambie nimemtafuta tangu mwaka 1973, nikaambiwa kafa, na kila mwaka nimemsomea."

Khelef akasema kitu kifupi. Ghaniya akajibu kitu kirefu, mkono wake unapasua hewa.

"Anasema ahsante. Anasema mama yake alikuwa mvumilivu."

Bi Kaltham alimgeukia. "Mvumilivu? Maneno yote yale, mvumilivu?"

"Ndiyo, mama."

"Nimesikia talaka."

"Mama..."

"Nimesikia talaka! Talaka nnaijua kwa Kiarabu na nnaijua kwa Kiswahili, ni neno moja. Kamtaja nani na talaka?"

Khelef aliinamisha kichwa. Marhoun akainuka, akasema anakwenda kutazama matairi. Khelef akaona hana pa kwenda, akayatoa kwa Kiswahili chake kile kibovu, jasho linamtoka. "Anasema baba yenu alimwacha mama yake hapa miaka ishirini na tano. Hakurudi, na hakumwachia. Hakumpa talaka. Mama yake akazeeka hivyo, si mke si mtalaka. Anasema, baba yenu huko Afrika alikuwa anajua kuandika. Alishindwa kuandika kikaratasi kimoja? Au mama yako alimkataza?" Akafuta uso. "Mimi mwanamume, mama. Wote wawili wazee wangu. Vipi nisimame katikati niseme maneno ya aibu kama hii?"

"Kama haya," alisema Bi Kaltham.

"Kama haya."

Hapo hasira yake, aliyoibeba tangu Jumatano, ikakosa pa kushukia. Alimtazama mwanawe akaona mtoto wa miaka minane aliyeletwa nchi ya watu, akaambiwa jifunze. Kisha akamtazama dada yake. "Nenda kwa Marhoun," alimwambia Khelef. "Nitasema mwenyewe."

Alisema kwa Kiarabu chake cha kununulia samaki. Kama ningekigeuza Kiswahili, kilikuwa hivi: "Baba mgonjwa. Wiki moja. Mimi leta uji. Yeye haniiti Kaltham. Ananiita Ghaniya. Mimi nasema, mimi Kaltham. Yeye anasema, Kaltham hamjui. Basi mimi nasema labeka. Mimi Ghaniya wiki moja. Mpaka kufa."

Ghaniya hakutikisika. Mbuzi mmoja aliingia busatini, Ghaniya akamsukuma kwa mguu bila kumtazama. Kisha akauliza, polepole, akitenganisha maneno ili afahamike, "Na ulipoitika, alisema nini?"

"Njoo."

"Njoo tu?"

"Kila siku. Njoo, Ghaniya."

"Angekuja yeye," alisema Ghaniya, akamimina kahawa.

Bi Kaltham aliniambia alitaka kuipiga ile birika. Miaka thelathini na saba amebeba maneno yale, ameyavukisha bahari, amelala nayo kwenye mawe na kwenye mchanga, na jawabu ni hilo! Alikaa ameshika kikombe. Alitaka kuuliza: na mimi je? Mimi niliyekuwa pale, nisiyejulikana jina? Lakini Kiarabu cha kusema hayo hakuwa nacho, na wa kumfasiria alikuwa kamfukuza.

Walichinja mbuzi. Wakala pamoja, wanawake upande wao, na Ghaniya akawa anamkatia nyama laini anamwekea mbele, macho hayajalegea. Alitaka kujua ni kweli alisomewa. Bi Kaltham akaonyesha kwa vidole: kumi, na vinne. Ghaniya akavihesabu, kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka kicheko kikavu cha mwanamke asiyecheka mara kwa mara. "Basi ziko huko zinaningoja," alisema. "Usizirudishe."

Saa nane na nusu Khelef akapiga honi kidogo, kwa haya. Bi Kaltham akainuka kutafuta kapu lake. Ghaniya akamshika kiwiko, akamwingiza kibandani, akashusha pazia la mlango. Akafungua kamba za barakoa nyuma ya kichwa, akaivua.

Bi Kaltham alirudi nyuma hatua moja. Lilikuwa paji la baba yake, na ile pua iliyopinda kidogo kushoto, na kidevu. Sura aliyoizika Wete imesimama mbele yake kwenye nuru inayopenya makutini, ina mikunjo, inamtazama. Yeye mwenyewe alichukua sura ya mamake, kila mtu Pemba alikuwa akisema. Ghaniya naye alimshika kidevu akamgeuza huku na huku, akitafuta kitu. Hakukipata. Akatikisa kichwa, akavaa tena barakoa yake. Kanga alizipokea. Karafuu alizinusa, akauliza ni dawa ya nini.

Honi ikalia tena.

Mwanawe Ghaniya aliwatangulia mpaka kwenye lami, na hakuna aliyekwama. Walipofika Ibra, Khelef alisimamisha gari kando ya barabara, akazima.

"Mama, nisamehe. Ningechukua mtu Mintirib, ungekuwa naye siku mbili."

"Ungechukua sepetu," alisema Bi Kaltham, "ningekuwa naye siku moja na nusu." Kisha akaona uso wake kwenye kioo, akaongeza, "Washa gari. Una kazi kesho."

Marhoun alirudisha sanduku la barafu kwa mwenyewe. Hema lilibaki mchangani. Hakuna aliyekumbuka kulikunja.

Mwezi ule ule Bi Kaltham alijiandikisha darasa la Kiarabu la watu wazima. Alikaa kwenye kidawati na wanawake wa Nizwa ambao hawakuwa wakijua kusoma, yeye anayejua kusoma Kurani tangu utotoni, na akawa anamchosha mwalimu kwa maswali. Hakutaka kusoma. Alitaka kusema. Alitaka maneno ya kugombana nayo, maneno ya baba na mke na kuachwa, na kitabu kilikuwa cha "mlango" na "dirisha". Alikasirika kila jioni, na kila jioni alikwenda. Mimi nilikuwa namsikia nyuma ya ukuta anajizungumzia, anauliza na kujijibu.

Wakati wa tende alipanda teksi peke yake mpaka Mintirib. Hakubeba kitu ila kapu. Alikaa siku kumi. Mwaka uliofuata akaenda tena, na Kiarabu chake sasa kilikuwa kizuri, lakini masikio ya Ghaniya yalikuwa yameanza kufa. Neno la kwanza alilomwambia likampita. Akarudia. Ghaniya akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Nimejifunza lugha nzima," alinilalamikia, "na sasa lazima niipige kelele."

Na aliipiga. Watu wa Mintirib waliwazoea: wazee wawili chini ya mtende, wanachambua tende, wanapayuka mambo ya marehemu baba yao mtaa mzima unasikia. Kwa nini hakuandika ile talaka? Bi Kaltham hakujua, na alipojibu hajui, Ghaniya hakusikia, na alipomwambia tena kwa sauti zaidi, Ghaniya alisikia, hakuamini. Aliona Bi Kaltham anamkinga mama yake mwenyewe. Siku nyingine Bi Kaltham alifunga kapu akaapa harudi, akaenda mpaka kituo cha teksi, akakaa juani saa nzima. Mwanawe Ghaniya alimfuata na ile Toyota yake. Alichutama karibu yake, akamuuliza habari, na habari za nyumbani, na habari za Nizwa. Kisha akasema mama yake anauliza wali uwekwe chumvi kiasi gani, kwa sababu jana Bi Kaltham aliulalamikia.

"Mwambie..." alianza Bi Kaltham, akasita. Akainuka, akatia kapu garini. "Hapana. Nitamwambia mwenyewe."